Vipimo vya haiba katika kuumba wahusika: matokeo yatupe, majibu yabakize

Mwandani wa Rasimu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoandika hadithi fupi, riwaya na tamthilia, hasa wale waliowahi kufungua dodoso la haiba, wakamjazia mhusika wao swali kwa swali, mwisho wakapewa herufi nne na maelezo marefu, wakabaki wanajiuliza: sasa hii naifanyia nini? Nimesoma miswada mingi iliyoanzia hapo na karibu yote ina ugonjwa mmoja. Mhusika anajulikana kabla hajafanya lolote. Ukishaambiwa ni mkimya, mpangilifu na mtu wa kupima mambo kwa akili, basi sura ya kwanza utaonyeshwa ukimya, ya pili mpangilio, ya tatu akili. Hakuna kipya anachokufunulia hadi kitabu kinakwisha.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema vipimo hivi ni vya kutupa. Vina kazi kubwa kwa mwandishi, ila kazi yenyewe haiko pale tulipozoea kuitafuta. Msimamo wangu ni kwamba matokeo ya kipimo yana faida ndogo sana kwetu. Kinachofaa ni maswali yake, na zaidi ya yote lile swali ambalo mhusika analijibu kwa uongo.

Kwanza tujue tunashika chombo gani. Kipimo kinachotajwa kuliko vyote, cha Myers-Briggs, kilitoka kwa watu waliokuwa karibu na fasihi. Katharine Briggs, mama wa Kimarekani, alianza kuchunguza haiba mwaka 1917 kwa kusoma wasifu wa watu na kujaribu kuwapanga katika makundi. Baadaye akakutana na kitabu cha Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, kuhusu aina za watu, kilichotoka mwaka 1921, akaona kinafafanua vizuri zaidi alichokuwa akikitafuta. Binti yake, Isabel Briggs Myers, alikuwa mwandishi wa riwaya ya upelelezi iliyoshinda shindano la jarida mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndipo Isabel alipoligeuza wazo hilo kuwa dodoso, akilenga kuwasaidia watu, hasa wanawake waliokuwa wakiingia kazini kwa wingi, wapate kazi za kuwafaa. Hapo ndipo zilipotoka zile aina 16, kila moja ikiitwa kwa herufi nne.

Shikeni hilo la kazi, maana linaeleza mambo mengi. Dodoso linauliza mtu anapendelea nini: kukaa na wengi au na wachache, kupanga mapema au kuacha mambo yajipange, kuamua kwa hoja au kwa kuangalia nani ataumia. Haliulizi anaogopa nini. Haliulizi ana deni gani kwa nani, wala ni jambo gani hataki litajwe mbele ya watoto wake. Chombo kilichoundwa kumtafutia mtu kazi hakiwezi kukwambia atafanya nini siku kazi hiyo ikimtaka amsaliti rafiki, na riwaya inaanzia siku hiyo.

Kuwapanga watu katika aina si jambo geni kwenye sanaa yetu. Theophrastus, Mgiriki wa kale aliyekuwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Aristotle, aliandika picha fupi 30 za tabia: mbembelezi, bahili, mpayukaji na wenzao. Waandishi wa tamthilia wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 16 walijenga vichekesho vizima juu ya nadharia ya kale ya majimaji manne ya mwili, huyu ametawaliwa na nyongo, yule na damu. Na ngano zetu zina sungura mjanja na fisi mlafi. Wote hao ni wahusika bapa, yaani wenye sifa moja isiyobadilika, na wanafanya kazi yao vizuri kabisa, kwa sababu ngano haitaki kujua fisi anajisikiaje usiku. Tatizo linakuja unapotaka mhusika duara, mwenye pande nyingi na anayeweza kukushangaza, huku umeshika chombo cha kutengenezea bapa.

Sasa nionyeshe ninavyokitumia mwenyewe.

Chukueni mhusika wa kubuni. Tumwite Salome, mkaguzi wa hesabu, umri miaka 44, anaishi peke yake ghorofa ya tatu. Simjazii dodoso mimi. Ninamwachia ajaze yeye, kwa sauti yake, na kila jibu ninaliandika kwa sentensi nzima, siweki alama tu kwenye kisanduku. Swali likisema, “Huwa unafuata kanuni hata zinapokuwa hazina maana?”, yeye anajibu: “Kanuni isiyo na maana leo iliwekwa na mtu aliyeumizwa jana.” Nimeshaipata sauti yake. Herufi ningezipata mwisho wa dodoso, na zisingenipa sentensi hiyo.

Tunaendelea. “Ni rahisi kwako kuomba msaada?” Salome anajibu “Ndiyo” bila kusita, na hapo ninasimama, kwa sababu namfahamu kidogo na jibu hilo halikai. Anapofikiria msaada anafikiria ofisini: kuomba faili, kuomba sahihi, kuomba muda wa nyongeza. Hayo anayaomba kila siku. Je, amewahi kuomba kitu kwa ajili yake mwenyewe? Ninarudi nyuma na kumtafutia tukio. Amenunua kabati la kuvalia, wachukuzi wakalitua chini na kuondoka. Jirani wa chini ana vijana wawili wenye nguvu. Salome analifungua skrubu moja moja pale uani, analipandisha ubao kwa ubao, usiku, ili asionekane, na inamchukua siku kadhaa. Asubuhi anamsalimia jirani kana kwamba hakuna lililotokea.

Tukio lile limezaliwa na jibu la uongo. Na angalieni ni uongo wa namna gani: Salome hamdanganyi mtu, anaamini anachosema. Wahusika wengi wazuri wanaishi kwenye nafasi iliyopo kati ya wanachoamini kuhusu nafsi zao na wanachokifanya. Dodoso la haiba ni njia ya haraka ya kuiona nafasi hiyo, kwa sababu linamlazimisha mtu ajieleze mara nyingi mfululizo bila kumpa muda wa kujiandaa.

Kwa hiyo ninapomaliza dodoso sihesabu alama. Ninarudia majibu yote nikitafuta mambo matatu: alipodanganya, aliposita, na alipojibu kwa maneno mengi kuliko swali lilivyodai. Mahali pa tatu ndipo panaponipa siri za mhusika mara nyingi. Mtu anayeulizwa “Unapenda sherehe?” akaandika nusu ukurasa, kuna sherehe moja inayomsumbua.

Karibuni tujadili. Sitaki tukubaliane haraka.

Nahau Tupu

Mkuu, uzi mzuri, ila mimi nina shaka na msingi wenyewe. Hivi vipimo si vinafanana na utabiri wa nyota tu? Mtu akisoma maelezo ya aina yoyote anajiona yumo. Kama chombo hakiwezi kupima binadamu halisi, kitawezaje kumpima binadamu wa kubuni?

Mwandani wa Rasimu

Mkuu Nahau, shaka yako ina msingi, na ina historia. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo akimwambia ni yake peke yake. Wakaombwa wayapime kwa usahihi, kutoka 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Maelezo yalikuwa ya aina ya “wakati mwingine unachangamka, wakati mwingine unajitenga”, ambayo hakuna binadamu asiyeingia ndani yake.

Kwetu sisi tukio hilo ni onyo kubwa kuliko hata kwa wanasayansi. Sentensi inayomfaa kila mtu haimwumbi mtu yeyote. Ukikuta kwenye madokezo yako umeandika kwamba mhusika “anawapenda rafiki zake lakini anahitaji muda wa kuwa peke yake”, bado hujaandika kitu. Nina kipimo changu kidogo kwa hilo: ninachukua sentensi niliyoandika kuhusu mhusika mmoja na kumbandika nayo mhusika mwingine wa kitabu hichohicho. Ikimkaa bila tabu, ninaifuta.

Kuhusu usayansi, si vipimo vyote viko ngazi moja. Kile cha herufi nne kinakosolewa kwa sababu mbili kubwa. Kinawagawa watu kwenye makundi mawili mahali ambapo wengi wako katikati, na watu wengi wakirudia kukijibu baada ya wiki chache wanaangukia aina nyingine. Eneagramu, yenye aina 9, imejengwa na Oscar Ichazo na Claudio Naranjo kutokana na mapokeo ya kiroho zaidi kuliko utafiti. Wanasaikolojia wengi wanaofanya utafiti leo wanatumia mfumo wa sifa kuu tano: uwazi wa fikra, bidii na mpangilio, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Humo huwekwi kwenye kundi. Kila sifa ni mstari mrefu, na wewe una mahali pako juu yake.

Na chimbuko la sifa hizo tano linapaswa kumfurahisha kila mwandishi. Watafiti walianza na kamusi. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi ya Kiingereza wakakusanya maneno karibu 18,000 yanayoweza kutofautisha tabia ya mtu mmoja na mwingine. Dhana yao ilikuwa kwamba tofauti za watu zenye umuhimu katika maisha lazima zitakuwa zimekwishapewa majina na wasemaji wa lugha. Wengine waliofuata wakayachuja maneno hayo kwa hesabu hadi yakabaki mafungu machache. Yaani waliokusanya malighafi ni wasemaji wa kawaida, waliokuwa wakisengenyana, wakisifiana na kutukanana kwa karne nyingi. Hiyo ni kazi yetu.

Kwa hiyo jibu langu kwako: binadamu wa kubuni hapimwi. Anahojiwa. Mahojiano mazuri hayadai kwamba mwuliza maswali awe na nadharia sahihi. Yanadai maswali ya kumchokonoa anayejibu.

Binti Msuko

Shikamoo kaka. Mimi bado najifunza. Mhusika wangu ni mpole, nilimpa aina ya ISFJ, moja ya zile 16 za Myers-Briggs, kwa sababu anahudumia watu na hapendi ugomvi. Sasa sura ya saba anampiga kofi msimamizi wake mbele ya watu. Mwenzangu aliyesoma rasimu anasema hiyo si tabia yake, nifute. Lakini mimi naona kofi lile ndilo hadithi. Nifanyeje?

Mwandani wa Rasimu

Marahaba dada. Usifute. Huyo mwenzako ameona kitu cha kweli, ila dawa aliyopendekeza siyo.

Kuna mjadala mkubwa katika saikolojia unaokuhusu moja kwa moja. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel alitoa kitabu akionyesha kwamba ukijua sifa ya mtu, uwezo wako wa kutabiri atakachofanya katika tukio moja mahususi ni mdogo kuliko tunavyodhani. Kabla yake, miaka ya 1920, watafiti Hartshorne na May waliwapima maelfu ya watoto wa shule kuhusu uaminifu, wakakuta kwamba mtoto anayeibia kwenye mtihani si lazima awe yuleyule anayeiba fedha au kudanganya kwenye mchezo. Wengine walidhani Mischel anasema haiba haipo. Baadaye yeye na mwenzake Yuichi Shoda walionyesha kitu kizuri zaidi: uthabiti wa mtu upo, ila umo kwenye ruwaza ya “kama hivi, basi vile”. Waliwafuatilia watoto kambini. Watoto wawili wanaweza kuwa na ukali uleule ukihesabu jumla, lakini mmoja anakuwa mkali akionywa na mtu mzima na hana neno akichokozwa na wenzake, mwingine kinyume chake. Na ruwaza hiyo inajirudia.

Mimi tangu niisome habari hiyo sijaacha kuitumia. Chukua karatasi, umwandikie mhusika wako mistari ya “kama, basi”. Kama mtu anayemhudumia akimtukana, basi anavumilia. Kama mkubwa wake akimdharau yeye, basi ananyamaza. Kama mtu akimdharau mtu dhaifu mbele yake, basi... hapo mwenyewe unaona kofi linakuja. Upole wake haukuvunjika sura ya saba, umefika mahali ambapo siku zote ulikuwa unageuka kuwa kitu kingine, ila msomaji hakuwahi kupelekwa hapo.

Kwa hiyo kazi yako iko sura ya pili na ya nne. Mweke karibu na hali kama ile, lakini ndogo. Sura ya pili mtu anamcheka mhudumu mzee, naye anakusanya vyombo kwa kishindo kidogo, basi. Sura ya nne anaondoka mezani bila kuaga. Msomaji hatajua anaandaliwa. Kofi likija atashtuka, na sekunde hiyohiyo atasema: eeh, huyu ndiye. Mwenzako alichokiona ni kukosekana kwa ngazi hizo, akadhani kosa liko kileleni.

Na hizo herufi nne zifute kwenye madokezo yako. Zimekufanya uulize kama tendo linaruhusiwa. Mhusika hahitaji ruhusa ya dodoso.

Binti Msuko

Ahsante sana kaka. Sura ya nne nilikuwa nataka kuikata kabisa kwa sababu haina tukio. Sasa nimeona kazi yake.

Mzee wa Dibaji

Wanangu, nimewasoma. Nina miaka mingi kwenye kalamu na sijawahi kumjazia mhusika dodoso. Mimi ninasikia sauti kwanza. Mtu anasema jambo kichwani mwangu, ninamfuata. Nikianza kumuuliza kama anapenda sherehe au hapendi, ananyamaza. Nina hofu vijana mtafanya utafiti wa mhusika miezi mingi na hamtaandika ukurasa.

Mwandani wa Rasimu

Shikamoo mzee. Hofu yako ni ya haki na ninaichukua. Kuna watu wana majedwali ya wahusika yaliyojaa rangi wanayoipenda, chakula, siku ya kuzaliwa, aina ya haiba, na hadithi yenyewe haijaanza. Jedwali linatoa raha ya kazi bila hatari ya kazi.

Kwa mwandishi wa aina yako, anayemfuata mhusika gizani, ningesema dodoso lisiguswe kabisa kabla ya rasimu ya kwanza. Lije baada yake. Wakati huo mhusika ameshatenda, kwa hiyo unapomuuliza “Unafikiri kabla ya kusema?” unayo matendo yake mkononi ya kulinganisha. Akijibu ndiyo na sura ya tano ina kinyume chake, umepata moja kati ya mawili: kosa la kurekebisha au siri ya kuendeleza. Kuamua ni lipi kati ya hayo ni kazi ya sikio lako, na sikio lako, mzee, naliamini kuliko dodoso lolote.

Kuna mwanasaikolojia aitwaye Dan McAdams ambaye ninadhani angekaa upande wako. Anasema kumjua mtu kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni sifa za jumla: mchangamfu, mwoga, mwenye bidii. Ya pili ni mambo anayoyahangaikia: malengo, mikakati, hofu, mapenzi yake ya wakati huu. Ya tatu ni hadithi anayojisimulia kuhusu maisha yake, alivyofika hapa na anaelekea wapi. Ngazi ya kwanza aliiita saikolojia ya mgeni, maana ndiyo unayoijua kuhusu mtu uliyekutana naye leo. Vipimo vya haiba vinaishia hapo. Mwandishi anayesimama hapo amemfahamu mhusika wake kiasi cha abiria mwenzake wa safari moja. Wewe kwa kusikia sauti unaingilia moja kwa moja ngazi ya tatu. Sisi wengine tunahitaji kugonga mlango.

Mzee wa Dibaji

Marahaba. Hapo tumeelewana. Baada ya rasimu, nitajaribu.

Kipengele

Wakuu, tatizo langu ni tofauti. Nimewajibia wahusika wangu sita dodoso la sifa kuu tano, wote wametoka wanafanana: uwazi wa fikra juu, uchangamfu chini, wasiwasi juu. Nimejipima na mimi nikatoka hivyohivyo. Nimeandika riwaya yenye watu sita ambao wote ni mimi?

Mwandani wa Rasimu

Mkuu Kipengele, umegundua kitu ambacho waandishi wengi hawakigundui hadi msomaji awaambie. Na kwa kweli hapa ndipo ninapokipenda kipimo kwa matokeo yake, mara hii moja tu: kinakuonyesha alama ya kidole chako iliyobaki kwa kila mtu uliyemwumba.

Usikimbilie kubadilisha namba, kwamba huyu nampa uchangamfu juu, yule wasiwasi chini. Utapata vibaraka sita badala ya nafsi moja. Chukua tukio moja dogo uwapitishe wote sita, kila mmoja peke yake. Kwa mfano, simu inaita usiku wa manane, namba haijulikani. Mwenye wasiwasi mwingi ameshazika watu wawili kichwani kabla hajaipokea. Mwenye bidii na mpangilio anaipokea kwa jina lake kamili. Asiye mpole anaiacha iite, anamlaani aliyepiga, halafu analala tena, analala kweli. Mchangamfu anaongea na aliyekosea namba dakika kumi. Mwenye uwazi mkubwa wa fikra anabaki macho akijiuliza mpigaji alikuwa anamtafuta nani.

Sasa angalia kitu. Katika hao, mmoja atakuwa mgumu kwako kumwandika. Utamwandika kwa dharau kidogo, au utamfanya mjinga. Kwa watu wenye wasiwasi mwingi kama ulivyojitaja, mara nyingi ni yule anayelala tena. Tunashindwa kuamini kwamba mtu anaweza kulala na asiwe na moyo wa jiwe. Huyo ndiye wa kukaa naye. Mtafutie sababu nzuri za kulala. Pengine amelea wadogo zake watano na alijifunza mapema kwamba habari mbaya haiharibiki ikisubiri asubuhi. Ukifika mahali ukamheshimu, hatakuwa wewe tena.

Jambo jingine: wapange wawili wawili kwenye majibizano kwa sifa wanayotofautiana zaidi. Ukiwa na dada wawili, mmoja mpangilifu, mwingine si mpangilifu, usiwape ugomvi kuhusu mpangilio. Wape ugomvi kuhusu mazishi ya baba yao, mpangilio ujitokeze wenyewe:

“Nimeshaandika majina ya watakaosema.”

“Umeniandika wa ngapi?”

“Wa tatu. Dakika tano.”

“Dakika tano za baba.”

“Kila mtu ana tano.”

Hakuna aliyetamka neno mpangilio. Hakuna mwenye kosa pia, na hilo nalipenda zaidi.

Nahau Tupu

Nakubali nimelainika kidogo. Swali: mhusika wangu tunaanza naye ana miaka 19, tunamaliza ana 60. Nimjibie dodoso mara ngapi? Haiba si inabaki ileile?

Mwandani wa Rasimu

Inabaki kwa kiasi. Tafiti za kuwafuatilia watu kwa muda mrefu zinaonyesha kwamba kwa wastani watu wakikua wanazidi bidii na upole, na wasiwasi unapungua. Ila nafasi ya mtu akilinganishwa na wa rika lake huwa haihami sana: aliyekuwa na wasiwasi kuliko wenzake akiwa na 20, mara nyingi bado yuko mbele ya wenzake akiwa na 50, ingawa wote wametulia. Hiyo ni picha nzuri ya mabadiliko kwa riwaya ndefu, kwa sababu haidai muujiza. Mjibie mara mbili, mwanzo na mwisho, kisha angalia maswali ambayo majibu yake yamegeuka. Kila lililogeuka linadai tukio katikati ya kitabu. Likikosa tukio, msomaji ataona mhusika amebadilishwa na mwandishi.

Kipengele

La mwisho kutoka kwangu. Vipi kuhusu mhusika mwovu? Nilisikia kuna vipimo maalumu vya watu wabaya.

Mwandani wa Rasimu

Unazungumzia kile wanachokiita utatu wa giza, neno la wanasaikolojia Delroy Paulhus na Kevin Williams la mwaka 2002: kujitukuza, hila za kuwatumia wengine, na ukatili usio na majuto. Yapo madodoso yake. Mimi simpi mwovu dodoso hilo, kwa sababu linamhukumu kabla hajajibu. Unaanza kuandika kutoka kitini pa hakimu, na mwovu anakuwa bapa palepale.

Mpe dodoso la kawaida kama wengine wote. Utashangaa jinsi majibu yake yatakavyokuwa safi. “Unawajali wanaokutegemea?” Sana. “Husema ukweli hata ukiuma?” Kila mara. Na atakuwa anaamini. Halafu fanya jambo moja la ziada ambalo watafiti nao hulifanya: dodoso lilelile lijazwe kuhusu yeye na mtu anayemfahamu. Mpe mke wake, au karani wake, au mtoto wake mkubwa. Weka karatasi mbili sambamba. Palipo na tofauti kubwa kati ya alivyojibu yeye na alivyojibu karani, pana sura nzima ya kitabu.

Angalia pia yule anayejaza kuhusu mwovu anajibu vipi. Mke akijaza “Husema ukweli hata ukiuma?” kisha akaweka alama ya katikati, “sikubali wala sikatai”, mke huyo anaogopa karatasi itasomwa na mume. Sasa una wahusika wawili, na wa pili hukuwa umempangia hata jina. Mimi mke kama huyo ningempa sura mbili za mwanzo azisimulie yeye, mume asikike tu kutoka chumba cha pili.

Binti Msuko

Kaka, na kama mume naye akiulizwa kuhusu mke?

Mwandani wa Rasimu

Jaza, dada, kisha weka hapa tuone. Usimpunguzie ukali, na usimpe jibu lolote ambalo yeye mwenyewe asingelitetea.